Moshi wa Gari la Bibi Mwalimu: Tunamuaga Fundi Pua

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, saa kumi jioni, Fundi Pua atavua ovaroli yake katika gereji hii kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi, bila kuhesabu ile wiki ya kwanza aliyofagia bure akisubiri meneja wa wakati huo amkubali. Angeweza kubaki mwaka mwingine mzima kabla umri haujamfukuza. Ameomba mwenyewe kuondoka mapema, na sababu yake ameniagiza niiandike humu, katika jarida letu, bila kuificha.

Hili la kuagizwa lazima nilieleze. Mimi ni mtunza stoo. Nyote mnaniita Mama Stoo, na kwa miaka kumi na tisa nimemkabidhi Fundi Pua karibu kila skrubu aliyoifunga. Meneja aliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, niliandika kurasa mbili nzuri zilizojaa "mchapakazi", "mwadilifu" na "hodari wa mahodari". Nikampelekea azione. Akaniomba nimsomee. Nilipomaliza akawa anakizungusha kifuniko cha chupa ya oili kwenye vidole.

"Mama Stoo," akasema, "hizo ni sifa za marehemu. Mimi bado napumua."

"Sasa niandike nini, Fundi?"

"Andika na lile la gari la Bibi Mwalimu. Lote. La sivyo usiandike kitu, nitaondoka kimya kimya kama mwizi wa kuku."

Basi haya ndiyo maandishi ya pili.

Fundi Pua alianza kama mwosha vyuma. Alikaa nyuma ya jengo na karai la mafuta ya taa na brashi iliyopukutika nusu, akisugua masizi ya injini ambazo wengine walizifungua na wengine wangezifunga. Jina lake alilipata mwaka wa tatu. Gari la daktari mmoja lilikuwa likizimika kila likisimama, na mafundi wakubwa watatu walikuwa wamelizunguka tangu asubuhi kama waliofiwa. Yeye alipita na karai lake, akainama kwenye bomba la moshi, akanusa kama mpishi anayekagua mchuzi wa mwenzake, akasema, "Hili limevimbiwa petroli. Lina njaa ya hewa." Wakamcheka. Walipofungua kichujio cha hewa walimkuta panya amejenga humo, yeye na wanawe sita. Karai likapewa mtu mwingine wiki iliyofuata.

Waliopita mikononi mwake wanalijua somo lake la kwanza kwa moyo. Moshi mweusi, petroli imezidi. Moshi wa buluu, oili imeingia mahali isipoalikwa. Moshi mweupe usiokoma, maji. "Gari ni kama mtu aliyekunywa," alikuwa akisema. "Usimwulize maswali. Msogelee tu akupumulie." Mafundi kumi na mmoja wamejifunza kwake, na wawili kati yao leo wana gereji zao. Injini ya gari la zimamoto aliifufua kwa siku mbili, akila amesimama. Na miaka yote hiyo amekuja kazini kwa baiskeli. Ukimwuliza kwa nini hanunui gari, anajibu, "Nayajua mno."

Sasa nimlete mtu wa pili, maana bila yeye habari hii haisimami. Ng'ambo ya barabara yetu kuna kibanda cha mabati cha mkereza vyuma tunayemwita Unywele. Aliitwa hivyo kwa sababu ukimwuliza kitu kimezidi au kimepungua kiasi gani, jibu lake lilikuwa moja: nusu unywele, robo unywele. Hakuwa mwajiriwa wetu, lakini kwa miaka ishirini na saba kila silinda iliyotakiwa kuchongwa ilivushwa barabara ikaenda kwake. Fundi Pua alikwenda kwake siku moja kuchukua bloku ya injini, lile pande la chuma lenye silinda ndani, akamkuta dada yake Unywele amemletea kaka yake chakula cha mchana. Sisi husema alifuata bloku akarudi na mchumba. Baada ya hapo wale wawili hawakuitana kwa jina tena. Ilikuwa "shemeji" asubuhi, "shemeji" jioni, hata kwenye karatasi za kazi: "Kwa shemeji, silinda nne, wahi."

Gari la Bibi Mwalimu liliingia kwetu mwaka jana mwishoni, likivutwa kwa kamba. Bibi Mwalimu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ana miaka sabini na sita, na nusu ya watu wanaoleta magari hapa amewahi kuwakaripia darasani. Gari ni dogo la zamani la kijani kilichopauka, lenye umri unaotuzidi wengi wetu. Marehemu mumewe alilinunua mwaka alipozaliwa binti yao wa pekee. Lilikuwa limelala miaka minane bandani, na kuku mmoja alikuwa amekifanya kiti cha nyuma kuwa nyumba ya uzazi.

"Binti yangu anakuja mwezi wa tatu," alituambia. "Anafanya kazi mbali, hajaja miaka sita. Nataka nikampokee mwenyewe uwanja wa ndege. Anione nimekaa kwenye usukani wa baba yake."

Fundi Pua alimwahidi. Injini ikashushwa, ikafumuliwa yote. Bloku ikavushwa kwa Unywele, silinda zikachongwa, pistoni mpya kubwa kidogo zikaagizwa. Kuifunga, Fundi Pua aliifunga peke yake. Alihamishia meza yake dirishani, tukadhani anatafuta upepo.

Iliwashwa Jumatatu moja ya mwezi wa pili, Bibi Mwalimu akiwa amesimama pembeni na mkoba wake kifuani. Iliitika mara ya kwanza tu, na tulianza kupiga makofi. Kisha moshi ukatoka. Ulikuwa mweusi na wa buluu kwa pamoja, mzito, wa rangi ya ngozi iliyovilia damu, ukajaza ua mpaka ukuta wa pili ukapotea. Bibi Mwalimu alikohoa, akajaribu kututia moyo. "Labda lina aibu tu. Limelala muda mrefu."

Fundi Pua hakuyumba. Alitoa plagi zote nne akazipanga juu ya gazeti. Zilikuwa na masizi meusi makavu, na chini ya masizi kuna utelezi wa oili. "Wagonjwa wawili kitanda kimoja," akasema. "Tuanze na huyu anayepiga kelele." Alimaanisha petroli. Kichujio cha hewa kilikuwa safi. Choki, kile kilango cha hewa, ilifunguka vizuri. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akakinusa, nacho kilinuka petroli, maana yake petroli ilikuwa nyingi mpaka inateleza kwenye kuta za silinda na kushuka chini kwenye oili. Akafungua kabureta, panapochanganywa petroli na hewa, akatoa boya, kile kitufe cha shaba kinachoelea ndani na kufunga njia petroli ikitosha. Akalitikisa karibu na sikio. Likalia chubwi, chubwi.

Alilizamisha kwenye maji ya moto, na kiputo kimoja kikaanza kupanda, kikafuatwa na kingine. Lilikuwa na tundu dogo kuliko ncha ya sindano. Boya lilikuwa limekunywa petroli, likawa zito, halielei, na kabureta ikawa inafurika. Nilikuwa na boya la aina ile kwenye droo ya chini kabisa, limenisubiri tangu zama za mtunza stoo aliyenitangulia, na siku hiyo nilijiona mtu wa maana sana. Likafungwa, oili ikabadilishwa, na jioni ile moshi mweusi ulikwisha.

Wa buluu ukabaki.

Ulikuwa mdogo gari likisimama, lakini ukikanyaga mafuta linafuka nyuma kama jiko la kuni mbichi. Fundi Pua alibadilisha sili za valvu, vile vipira vinavyoizuia oili isishuke. Ukapungua kidogo, haukuisha. Alipima mgandamizo wa kila silinda, na zote nne zilikuwa na nguvu karibu sawa. Hilo ndilo lililomchanganya, maana ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, zikiharibika huonekana kwenye kipimo kile. Aliliendesha wiki nzima akisema ringi ni mpya, zinahitaji muda wa kukaa. Muda ulipita, na oili ilizidi kupungua. Zilikuwa zimebaki siku tisa binti afike.

Akaifungua tena. Nilikuwepo, nimeleta gasketi. Alichomoa pistoni, akaziweka mezani na ringi zake, akapitisha kidole ndani ya silinda ya kwanza. Ukuta wa silinda iliyotoka kuchongwa unatakiwa uwe na mikwaruzo myembamba iliyopishana, ndiyo inayoshika oili na kuzifundisha ringi kukaa. Ile haikuwepo tena. Ulikuwa laini, unang'aa.

Aliagiza Unywele aitwe. Alikuja akifuta mikono, anatabasamu. Ua ulikuwa umejaa, mafundi wote, wateja wawili, Meneja mlangoni.

"Shemeji," Fundi Pua akaanza, kwa sauti ambayo hatukuizoea, "umenichongea kioo. Ringi zitashika wapi?"

Unywele alifungua kisanduku chake, akatoa kipimo, akapima kila silinda juu, katikati na chini, bila haraka. Kisha akasema, "Kipimo ni sahihi. Kuta zimeoshwa na petroli iliyokuwa inafurika, ndiyo maana zimelainika. Lakini oili kupanda kiasi hiki, hiyo si kuta peke yake. Angalia ringi zako, shemeji."

"Ringi zangu?"

"Ndiyo."

"Unanifundisha mimi ringi?"

"Sikufundishi. Ziangalie tu. Kuangalia hakuna hasara."

Hapo ndipo Fundi Pua alipolisema neno ambalo ameniagiza nisilipunguze. "Umezeeka," alisema, mbele ya kila mtu. "Mkono unakutetemeka na unaona aibu kusema. Sema tu, tukupumzishe."

Unywele alikifuta kipimo chake kwa kitambaa, akakirudisha kwenye kisanduku, akafunga kufuli zote mbili. Akavuka barabara. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyezichukua zile pistoni mezani na kutazama, kwa sababu ringi zilikuwa kazi ya Fundi Pua, na kazi ya Fundi Pua haikuwa ya kukaguliwa. Mimi mwenyewe nilizifunga kwenye karatasi yenye grisi nikaziweka stoo, rafu ya nne. Zilikaa pale miezi mitano, na kila asubuhi nilizifuta vumbi.

Wiki iliyofuata Meneja aliacha kupeleka kazi ng'ambo ya barabara. Gereji nyingine zikasikia, nazo zikaacha, maana neno baya halihitaji petroli ili lisafiri. Mvua zilipoanza niliwaona kupitia dirisha la stoo wanaume wanne wakiipakia mashine ya kukerezea kwenye lori kwa minyororo. Unywele alisimama kando, akiwaelekeza wasikwaruze kitako chake. Baada ya hapo alibaki na vifaa vya mkononi na jiwe la kunolea, akawa ananoa visu vya watu na mikasi ya mafundi cherehani.

Binti wa Bibi Mwalimu alifika kwa teksi ya kukodi. Mama yake alimleta hapa siku moja alitazame gari. Halikuwa na injini, limewekwa juu ya magogo, boneti imefunguliwa kama mdomo. Binti alilipapasa paa akasema, "Nilipokuwa mdogo lilikuwa kubwa." Alikaa wiki tatu, akaondoka. Bibi Mwalimu hakutugombeza, na ingekuwa nafuu kama angetugombeza.

Meneja alikuwa ametafuta bloku nyingine kila mahali asiipate. Gari likabaki pembeni.

Yaliyotokea nyumbani kwa Fundi Pua nayaandika kwa ruhusa ya mkewe, ambaye ni dada yake Unywele. Kwa miezi mitano alimpikia mumewe, akamfulia, akamwitikia salamu, na hakuongeza neno. Asubuhi moja mumewe alijimiminia chai. Chai ikamiminika pembeni mwa kikombe, ikatambaa mezani mpaka ukingoni, ikaanza kudondoka, naye bado ameinamisha birika. Mkewe aliitazama mpaka birika likawa jepesi.

"Kosa la kaka yangu uliliona ndani ya silinda," akamwambia. "Kikombe kilicho mbele yako hukioni?"

Siku ile Fundi Pua alikuja stoo, akafunga mlango nyuma yake, akaniomba zile pistoni.

"Macho yako ni mazima?" akauliza.

"Ya kusomea yapo."

"Chukua tochi. Usitoe kitu. Tazama ringi ya pili kutoka juu, karibu na pale ncha zake zinapokutana. Kuna kinukta."

Sijawahi kufunga injini maishani mwangu, kwa hiyo alinieleza polepole. Ringi ya pili ina mteremko ambao jicho halitambui kirahisi. Kinukta kikiangalia juu, ringi inakwangua oili na kuirudisha chini. Kikiangalia chini, kila pistoni ikipanda inapandisha oili ikaungue. Nguvu ya mgandamizo inabaki vilevile, kwa hiyo kipimo hakikwambii kitu. Moshi tu ndio unaokwambia.

"Nimekiona," nikasema.

"Kimeangalia juu au chini?"

"Chini, Fundi."

"Pistoni ya pili?"

"Chini."

"Ya tatu?"

Nilitaka kumdanganya. Mungu anajua nilitaka. "Chini," nikasema.

Ya nne hakuuliza. Nilitazama mwenyewe, nikazima tochi.

Alikaa juu ya pipa la oili, mikono magotini. Kisha akasema, "Nilizifunga kwa kupapasa. Nilijua macho hayanipi, nikasema vidole vinatosha. Kinukta hakipapasiki, Mama Stoo."

Alikuwa ameficha karibu miaka miwili. Alisema aliogopa kurudishwa nyuma ya jengo kuosha vyuma. Daktari wa macho alimkuta na mtoto wa jicho pande zote mbili, na presha ya macho nayo ilikuwa imeshaula uoni wake kimya kimya. Mtoto wa jicho atatolewa mwezi ujao. Kilicholiwa na presha hakirudi.

Kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwa Unywele, akamkuta ananoa mkasi. Alimweleza yote, vinukta vinne, macho, kila kitu. Unywele hakuinua kichwa.

"Ulinitukana wapi?" akamwuliza.

"Pale gereji."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Basi mbona umeniletea mimi? Mimi siyo watu wote."

Jumatatu, tulipokusanyika asubuhi kugawana kazi, Fundi Pua aliomba kusema. Meneja alishajua, akamshika kiwiko. "Fundi, haya tutayamaliza ofisini."

"Sikumtukania ofisini," Fundi Pua akajibu.

Akasimama katikati ya ua, palepale. Alisema ringi nne alizifunga kichwa chini miguu juu kwa sababu haoni vizuri, na alijua haoni. Alisema silinda zilichongwa sawasawa. Alisema aliambiwa azitazame ringi zake na aliyekuwa anajua, akamjibu kwa matusi, na mtu huyo amepoteza mashine yake na jina lake. "Aliyezeeka ni mimi," alisema. "Aliyeona aibu kusema ni mimi." Unywele alikuwa amesimama nje ya geti, mkasi wa mtu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake. Fundi Pua alimwita, "Shemeji!" Hakugeuka.

Naandika na hili, ingawa sikuagizwa. Sisi sote tulikuwa kwenye ua ule siku ya kwanza. Tulimwamini aliyepaza sauti.

Meneja mwenyewe alivuka barabara kumwomba Unywele aje azikwaruze upya kuta za silinda. Jibu alilorudi nalo lilikuwa, "Kazi nitafanya. Urafiki uacheni kwanza." Alikuja na mawe yake ya mkononi, akafanya kazi siku mbili, akapima, akaandika vipimo kwa chaki ubavuni mwa bloku. Hakumsemesha Fundi Pua neno. Fundi Pua alikaa umbali wa hatua tano muda wote huo, na kila chombo kilichodondoka alikuwa wa kwanza kuinama kukitafuta.

Ringi mpya tulizifunga wawili, mikono yake na macho yangu. Kila moja nilitazama kinukta nikasema kwa sauti, "Juu." Yeye akarudia, "Juu," kisha ndipo akasukuma.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, Bibi Mwalimu alikaa kwenye usukani. Fundi Pua alisimama nyuma ya gari, na mimi kando yake. Injini ikaitika.

"Rangi gani?" akaniuliza.

"Hakuna rangi, Fundi."

"Kanyaga, Mwalimu! Kanyaga kabisa! Sasa?"

"Hakuna kitu. Naona geti. Naona mpaka kibanda cha ng'ambo."

Bibi Mwalimu alizunguka ua mara tatu, peke yake, mkoba wake umekaa kwenye kiti cha abiria. Alipozima alibaki ameshika usukani. "Nitalipiga picha nimtumie binti yangu," akasema. "Siyo sawa na kumpokea. Lakini nitamtumia."

Mchana simu ya stoo ililia. Nilimwona Unywele kupitia dirisha, amesimama mlangoni pa kibanda chake, simu sikioni, akinitazama.

"Linatoa moshi?" Unywele akauliza.

"Halitoi."

"Nilijua," akasema, akakata.

Nilikwenda kumwambia Fundi Pua. Alinifanya nirudie maneno yote kama yalivyosemwa, nayo yalikuwa machache. "Hakuniulizia?"

"Hakukuulizia, Fundi."

"Bado," akasema, akaendelea kupanga spana zake kwa kupapasa, ndogo kwa kubwa.

Fundi Pua, wafanyakazi wote wa gereji hii tunakushukuru kwa miaka thelathini na sita, kwa injini tusizoweza kuzihesabu, kwa mafundi kumi na mmoja, na kwa asubuhi ile ya Jumatatu. Tunamshukuru mkeo kwa kukuvumilia na kwa kutokukuvumilia. Mkono wa daktari uwe mtulivu mwezi ujao, na kila mwanga uliobaki ubaki nawe.

Mwaliko wa Unywele wa sherehe ya Ijumaa nimeuvusha barabara mwenyewe. Aliupokea, akausoma mara mbili, akauweka chini ya jiwe lake la kunolea ili upepo usiuchukue. Hakusema atakuja, na hakusema haji.

Uwe na maisha mema, Fundi wetu. Stoo inafunguliwa saa mbili kamili, na hakuna atakayekuuliza umefuata nini.